Kaptarit Yaita Mosoret

Hapo ulipo, kama sufuria iko motoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Obiero wenu. Mnanijua. Siku nyingine zote mdomo wangu haufungi na mzaha hauniishi. Leo mzaha nimeuacha nje ya mlango wa studio, kwa sababu namkumbuka mzee mmoja ambaye mzaha wangu ulimkosea. Nitawaeleza vile ilivyokuwa, sitaficha kitu. Lakini kwanza mumjue yeye.

Jina lake ni Lawrence Kituyi. Narudia, Mzee Lawrence Kituyi, mzaliwa wa Kimilili, stesheni masta wa mwisho wa stesheni ya Kaptarit, hapa nje kidogo ya mji wetu wa Eldoret. Ametuacha akiwa na miaka sabini na minne. Alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, ameketi kwenye benchi la platfomu, amevaa yunifomu yake na kofia nyeupe. Wageni wawili wa hoteli walikuwa wameshapiga picha naye kabla mtu hajagundua kwamba mzee hapumui.

Ndiyo, nimesema hoteli. Wengi wenu mnapajua Kaptarit kwa jina hilo. Ni ile hoteli yenye mabogi mawili mekundu kwenye nyasi, pale mnapofanyia harusi na mikutano ya chama. Pale mnapolipia chumba palikuwa ofisi ya tiketi. Pale mnapokula samaki palikuwa chumba cha abiria wa daraja la pili. Na lile ghala kubwa la mikutano lilikuwa likijaa magunia ya mahindi hadi darini. Hoteli ni nzuri, sitaki kuisema vibaya. Lakini yule mzee mliyekuwa mkipiga selfi naye mlangoni hakuwa mwigizaji. Alikuwa stesheni masta wa kweli, na alikuwa akimngoja mtu.

Aliyekuwa akimngoja anaitwa Isaiah Githinji. Huyu alikuwa stesheni masta wa Mosoret, stesheni inayofuata ukipanda mlima. Kutoka Kaptarit hadi Mosoret ni kilomita kumi na moja. Kwa miaka ishirini na moja wazee hawa wawili walizungumza kila siku ya kazi, mara kumi, mara kumi na tano kwa siku. Na kwa miaka hiyo ishirini na moja hawakuwahi kuonana uso kwa uso hata siku moja.

Najua unatikisa kichwa. Ati kilomita kumi na moja? Hata mimi nilishangaa. Binti yake, Mwalimu Linah, ndiye aliyenifungua macho. Reli yetu ni ya njia moja tu. Treni mbili zikikutana katikati, ni maafa. Kwa hivyo kabla ya treni kuondoka Kaptarit, stesheni masta azungushe mkono wa ile simu ya ukutani, ampigie jirani yake wa Mosoret, amuulize kama njia iko wazi. Wenyewe waliita kuomba laini klia. Jirani akikubali, anatoa namba kutoka kitabu cha siri. Namba hiyo inaandikwa kwenye karatasi, karatasi inapewa dereva. Bila karatasi hiyo treni haisongi hata hatua moja, hata kama ndani amekaa waziri.

Sasa ona mtego wenyewe. Kituyi akiwa kazini, lazima Githinji awe kazini. Kituyi akipata likizo, Githinji amebaki kwenye simu na yule aliyeshika zamu ya Kituyi. Na likizo ikija, mmoja alishuka magharibi kwenda Kimilili, mwingine akapanda kwenda Nyeri. Walikuwa wakiambiana, Krismasi hii tutaonana. Krismasi ikapita. Wakasema Pasaka. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hawa wawili walingoja wakicheka, maana walidhani reli ni ya milele.

Na walikuwa wakichekana haswa. Kituyi, Mbukusu wa watu, hakuwahi kulitamka jina la mwenzake sawasawa. Alimwita Kithinchi. Githinji naye, akiombwa laini klia, alijibu kwa ulimi wa kwao, "Raini kiria, Kaptarit." Basi Kituyi anamwambia, mzee, hiyo uliyonipa ni reli ya wapi, mimi siijui. Githinji anamjibu kwamba Kithinchi unayemtafuta pia hayuko hapa, amehama. Ndivyo walivyokuwa wakianza siku, kwa miaka ishirini na moja.

Mwaka wa tisini na nne, mke wa Kituyi, Mama Kavetsa, alifariki hospitalini. Habari ilimfikia kwa simu ile ile ya ukutani, naye alikuwa peke yake kazini. Aliomba mtu wa kumpokea zamu. Huyo mtu alichukua siku mbili kufika. Siku mbili, wasikilizaji wapendwa, mume amefiwa na bado anaandika karatasi za treni. Linah anasema kwamba siku hizo mbili Githinji hakumwacha. Kila nusu saa, treni iwepo isiwepo, kengele ya simu ililia. Sauti inauliza, Kaptarit, uko? Baba anajibu, niko. Basi. Simu inawekwa chini. Hakuna aliyehubiri, hakuna aliyesema Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Mzee alimwambia binti yake baadaye kwamba bila kengele ile angeiacha stesheni akatembea tu kwenye reli bila kujua aendako.

Mara moja tu walikaribia kuonana. Githinji alikuwa ameitwa kwa mafunzo ya wiki moja huko Malaba, akapata nafasi kwenye bogi la gadi, lile la nyuma la msimamizi wa safari, kwenye treni ya mafuta. Treni hiyo haikupangiwa kusimama Kaptarit. Kituyi alijua mwenzake yumo ndani. Angeweza kufunga signali, treni ikasimama, wakashikana mikono, kisha akaandika kitabuni kwamba kulikuwa na ng'ombe kwenye reli. Nani angejua? Lakini alikuwa mtu wa sheria, akaacha njia wazi. Alisimama platfomu na bendera ya kijani, asubuhi, ukungu umetanda vile hutanda huku kwetu mwezi wa saba. Treni ilipita kwa kasi. Akaona mkono wa kaki umetoka dirishani, unapunga. Mkono tu. Huo ndio ulikuwa uso wa Githinji alioujua.

Halafu mwaka wa elfu mbili, nyaya za simu ziliibwa. Wezi walipanda milingoti, wakakata shaba kilomita nzima. Kituyi alizungusha mkono wa simu asubuhi, kimya. Akajaribu mchana, kimya. Wiki hiyo hiyo barua za kupunguzwa kazi zikaja. Stesheni ndogo zote zikafungwa. Githinji alitumiwa pikapu ya kubeba vitu vyake, akaondoka Jumatatu. Kituyi aliambiwa angoje afisa wa kupokea funguo, na afisa akaja Ijumaa. Mzee alipokabidhi funguo, hakwenda nyumbani kula. Alishika reli, akatembea kilomita zote kumi na moja, taruma kwa taruma, kwa mara ya kwanza maishani. Akafika Mosoret akakuta nyumba imefungwa. Mama mmoja aliyekuwa akilima kando ya reli alimwambia bwana stesheni amehama na familia, ameenda kwao Nyeri. Mama hakuwa na namba ya simu wala anwani. Mzee aliketi kwenye ngazi za nyumba ile mpaka jua lilipoanza kushuka, kisha akarudi.

Mtu mwingine angefunga virago aende Kimilili. Linah, ambaye anafundisha Kitale, alimwomba mara nyingi aje akae naye na wajukuu. Alinisimulia hivi: "Nilimwambia Baba, twende Kitale, nyumba iko. Akaniambia hawezi, hajapokewa zamu. Nikamwambia Baba, hakuna atakayekuja kukupokea, stesheni imekufa. Akasema Githinji akinitafuta atanitafuta Kaptarit. Hajui Kitale."

Kwa hivyo alibaki. Alipangisha kijumba kimoja nyuma ya stesheni, pale kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli wa zamani. Majirani walihama mmoja mmoja. Paa za nyumba zingine ziliondolewa mabati. Miaka ikapita, kumi, kumi na tano, mzee peke yake na redio yake ndogo. Redio hiyo ilikuwa ikishika sisi. Alikuwa msikilizaji wangu, jameni. Kila Jumapili.

Kisha wakaja wenye hoteli. Walipaka rangi, wakapanda maua, wakamkuta mzee. Walimheshimu, nitasema ukweli. Walimwachia kijumba chake, wakamshonea yunifomu mpya, wakampa kazi ya kusimama mlangoni kukaribisha wageni. Simu ile ya mkono ikasuguliwa, ikawekwa ukutani kwenye mapokezi. Meneja akamwomba awe akiwaonyesha wageni vile kazi ilivyofanywa. Basi kila Jumamosi mzee alishika simu isiyo na waya, akazungusha mkono, akaita. "Kaptarit yaita Mosoret. Naomba laini klia." Halafu, kwa sababu hakukuwa na wa kumjibu, alijijibu mwenyewe kwa sauti ya Githinji. "Raini kiria, Kaptarit."

Wageni walikuwa wakicheka sana. Diana, msichana wa mapokezi ambaye ndiye aliyekaa na mzee zaidi ya mtu yeyote pale, aliniambia kwamba mzee alikuwa akiipenda sehemu hiyo, anafunga macho anapoisema. Ilikuwa njia yake pekee ya kuisikia sauti ile tena. Lakini Jumamosi moja kijana fulani aliomba airudie, arekodi, ati lafudhi inachekesha. Mzee akaweka simu chini taratibu. "Usimcheke," alimwambia. "Huyo ni mtu." Na tangu siku hiyo hakuiigiza tena. Jioni hiyo aliomba karatasi na kalamu pale mapokezi, akaniandikia mimi.

Sasa tumefika kwangu, wasikilizaji wapendwa. Nivumilieni.

Barua ya Mzee Kituyi ilifika mezani kwangu mwezi wa kumi mwaka jana. Ninayo hapa. Mwandiko ni mzuri, wa zamani, herufi zimelala upande mmoja. Inasema: "Kwa Bwana Obiero. Mimi ni S.M. Kituyi wa Kaptarit. Naomba laini klia kwa S.M. Githinji wa Mosoret. Tangu laini ikatwe sijapata jibu. Tafadhali mtangazie kwamba mimi bado niko kazini." Ni hayo tu. Sahihi, na tarehe.

Nyinyi mnajua mwaka jana watu wangapi walikuwa wakituandikia kuhusu laini zao za simu. Laini imefungiwa, laini imezimwa, laini haijasajiliwa, kila siku laini, laini. Mimi nikaisoma haraka haraka, nikaona laini, nikaona imekatwa, nikafikiri ni hiyo hiyo. Sikuuliza S.M. ni nini. Sikuuliza Mosoret ni wapi. Nikafungua kipaza sauti nikasema, na mtanikumbuka, maana mlinitumia vikaragosi vya kucheka: kuna mzee wetu hapa anataka laini yake ifanyiwe klia. Nikasema, mzee wangu, umekosea mlango, hii ni redio, chukua kitambulisho chako uende duka lolote la simu watakufungulia. Nikacheka. Nikaweka muziki.

Jina sikulisoma. Sikusema Kituyi, sikusema Githinji, sikusema Kaptarit. Nililiacha jina ili nisimwaibishe mzee, na nilijiona muungwana kwa hilo. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini haya niliyamwaga mimi, kwa mkono wangu, na nitayasema mpaka yanitoke rohoni.

Mzee Kituyi alinisikia. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, hakukasirika. Aliamini nimempa maagizo. Kesho yake alivaa yunifomu yake, akachukua kitambulisho, akashuka mjini Eldoret. Hakuwa na simu ya mkononi maisha yake yote. Linah akimtaka, alimpigia Diana. Siku hiyo alinunua simu ndogo ya vibonyezo na laini mpya, akaisajili, akarudi akimwonyesha Diana. Alimwambia redio imesema hii ndiyo njia siku hizi. Diana akamwambia, sawa Mzee, nipe namba nimtumie Linah. Mzee akakataa.

Hapa ndipo ninapokwama kila nikisimulia. Alikataa kwa nini? Alimweleza Diana kama mtu anayemfundisha kazi mwanafunzi. Laini ni moja. Treni moja ikiwa ndani, nyingine haiingii. Kama Linah anazungumza na mimi halafu Githinji apige, atakuta njia imefungwa, na yeye si mtu wa kulazimisha njia. Diana alijaribu kumweleza kwamba simu za sasa haziko hivyo, utaona ameita, utampigia. Mzee alitabasamu tu. Miaka ishirini na moja alikuwa amelinda maisha ya watu kwa sheria hiyo moja. Ataiachaje kwa maneno ya msichana wa mapokezi, hata kama anampenda kama mjukuu?

Hivyo basi binti yake mwenyewe hakupewa namba. Alipewa mtu mmoja tu. Alipewa Obiero. Mzee aliniandikia barua ya pili. "Laini nimepata kama ulivyoagiza. Namba ni hii. Sasa mpe Githinji." Barua hiyo ilifika nikiwa likizo. Niliporudi, wasikilizaji wapendwa, nitawaambia ukweli, barua za karatasi sizifungui tena upesi. Nyinyi nyote mko WhatsApp. Ilikaa kwenye droo yangu miezi saba, gundi haijaguswa.

Kwa miezi hiyo saba mzee aliketi kwenye benchi la platfomu na simu kwenye mfuko wa shati. Mgeni akija anasimama, anasalimia, anapigwa picha, anaketi tena. Diana alikuwa akimletea chakula pale pale, kwa sababu ndani ya mkahawa kuna kelele na mzee alihofia hataisikia ikilia. Diana ndiye aliyekuwa akimchajia simu kila asubuhi. Baada ya mzee kufariki aliiangalia. Hakukuwa na hata mtu mmoja aliyekuwa amepiga. Kulikuwa na ujumbe mwingi wa matangazo kutoka kampuni ya simu, na mzee alikuwa ameufungua wote.

Diana ndiye aliyetupigia studio siku ile. Alisema kuna mzee amefariki, alikuwa msikilizaji wenu, tena aliwahi kuwaandikia barua mbili. Nikasema barua mbili? Nikavuta droo. Nikaifungua ile ya pili kwa mara ya kwanza, na nikiwa nimeishika, nikaelewa ile ya kwanza. Niliingia chooni nikajifungia. Mwenzangu wa habari ilibidi asome taarifa ya saa saba peke yake.

Jioni hiyo niliomba mimi mwenyewe nisome matangazo ya vifo. Nikasoma polepole, majina yote. Lawrence Kituyi, stesheni masta wa Kaptarit. Popote alipo Isaiah Githinji, aliyekuwa stesheni masta wa Mosoret, apokee habari hizi. Nikafikiri natuma habari Nyeri, kama yuko hai.

Kumbe hakuwa Nyeri. Mzee Githinji alirudi Eldoret mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, baada ya mke wake kufariki, akae na mtoto wake. Hakumtafuta mwenzake Kaptarit, maana aliamini Kituyi alisharudi kwao Kimilili stesheni ilipofungwa. Anakaa Munyaka. Munyaka hii hii yetu, wasikilizaji wapendwa. Ana redio, na redio yake inashika sisi. Siku ile nilipomcheka mzee wa laini, Githinji alikuwa akisikiliza. Ameniambia hata yeye alicheka kidogo, akasema wazee wenzangu wanateseka na hizi simu.

Alhamisi, kabla mwili haujapelekwa Kimilili, hoteli ilifanya maombi pale platfomu. Nilienda. Nilisimama nyuma, sikutaka mtu anitambue. Kwenye geti kukawa na mazungumzo. Askari alikuwa akimuuliza mzee mmoja mwembamba, mwenye fimbo na koti refu, kama ni wa familia. Mzee akamjibu kwamba yeye si wa familia. "Mimi ni jirani," alisema. Askari akamwambia huku hakuna majirani, mzee, nyumba zote zilishabomolewa.

Linah alikuwa ameketi mbele, karibu na jeneza, ameligeuzia geti mgongo. Akasikia sauti ile. Akasimama. Alikuwa bado hajageuka aliposema, "Huyo ni Mosoret." Ndivyo alivyomwita, kwa jina la stesheni. Mwalimu Linah alipokuwa darasa la nne alifanyia hesabu zake kwenye meza ya ofisi ya baba yake, na zikimshinda, baba alimpa simu, na mzee wa Mosoret akamfundisha kugawanya kwa urefu, treni zikiwa zimetulia. Hakuwahi kumwona. Alimpita askari mbio, akamshika mzee mikono yote miwili, akamleta kwa jeneza.

Githinji alivua kofia. Akainama, akaangalia uso wa Kituyi muda mrefu sana. Tukadhani analia. Alipoinuka macho yake yalikuwa makavu kabisa, akamuuliza Linah kama ni huyu. Linah akasema ndiye. Akauliza tena, una hakika ni huyu? Kisha akaniona mimi, maana nilikuwa nimesogea karibu, hajui mimi ni nani, akaniambia kwa sauti ya chini maneno ambayo sijalala vizuri tangu niyasikie.

"Huyu nilimwona. Mwaka jana, nikipita hapo nje na bodaboda, nikienda mazishini Yamumbi. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia ya stesheni masta, anapigwa picha na wazungu. Nikamwambia dereva asimamishe kidogo. Nikamwangalia kupitia ua. Nikasema, ona vile wanatuchezea, wamemvalisha mwigizaji nguo zetu. Nikaona uchungu. Nikamwambia dereva twende."

Aliongeza kwamba Kituyi alimwona akiangalia, na akampungia mkono kama alivyowapungia wote. Githinji hakumpungia.

Basi, wasikilizaji wapendwa, hayo ndiyo maisha ya Mzee Lawrence Kituyi. Amezikwa Kimilili Jumamosi, kando ya Mama Kavetsa. Mzee Githinji alisafiri na familia, akakesha nao usiku kucha, na akarusha udongo pamoja na wana. Kwa Mwalimu Linah na wajukuu, poleni sana. Kwa Diana na wafanyakazi wenzake, poleni, na asanteni kwa sahani zile za chakula mlizopeleka platfomu. Kwa Mzee Githinji kule Munyaka, najua unanisikia sasa hivi. Pole, Mzee wangu. Nilikwambia nyumbani kwako na nakwambia tena mbele ya watu wote: kosa lilikuwa langu, si lako.

Na kwako wewe uliyebaki unasikiliza. Kuna mtu unayemngoja, au kuna mtu anayekungoja. Unalijua jina lake, limekujia nikiwa bado nasimulia. Najua kazi yangu ni kuwaomba mtuandikie, na kwa kawaida ningetoa anwani hapa. Leo sitoi. Usiniandikie mimi. Usinipe salamu nikupelekee, maana umeona vile ninavyozipeleka. Vaa viatu. Kipindi kimebakisha dakika kumi, na ninakifungia hapa, ili usiseme ulikuwa ukinisikiliza.